Siku Ishirini na Sita za Kumnenepesha Meneja

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo maisha yangu yameanza upya. Saa mbili asubuhi, mbele ya mizani ya ng'ombe. Mama mkwe aliwaita wanaume wawili waliooa binti zake: mimi, na mwanyumba wangu aliyemwoa dada mkubwa. Wafanyakazi wanamwita Kimya, maana maneno yake ya wiki nzima yanaenea kiganjani. Mama mkwe alisema miguu yake imechoka kuzunguka zizi. Anataka mtu mmoja ashike funguo za ghala la chakula cha ng'ombe. Atakayeshika funguo atahamia nyumba ya getini. Vyumba viwili! Baraza! Bomba la maji ndani!

Kila mmoja kapewa dume wa kunenepesha. Wamezaliwa mwezi mmoja. Wangu kilo 290, wake 291. Tarehe 29 watapimwa tena. Ghala liko wazi kwa wote wawili, kila mtu alishe anavyojua. Dume atakayeongezeka zaidi ndiye atakayeamua.

Wangu nimemwita Meneja, kwa kuwa nitapandia cheo mgongoni kwake. Kimya hakumpa wake jina. Sikioni ana kipande cha plastiki kilichoandikwa 14, na Kimya ameona hicho kinatosha.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Chumba chetu kinagusana ukuta na mashine ya kukatia nyasi na kusagia mahindi. Ikiwashwa saa kumi na mbili asubuhi, vikombe vinatembea mezani. Hataki mtoto aanze maisha ndani ya kelele hizo. Nikamwambia aanze kushona mapazia ya nyumba ya getini. Akaniuliza kama najua ng'ombe anakula nini. Mke wa mtu mwingine angenitia moyo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimechungulia hori la Namba 14. Nyasi kavu debe kwa debe, pumba kidogo, mashudu ya alizeti kiganja kimoja, jiwe la chumvi pembeni. Basi! Hiyo ndiyo silaha yake. Nilitaka kucheka nikajikaza kisabuni.

Mimi nimefikiri hivi. Nyasi ni maji na vumbi. Nguvu iko kwenye mahindi. Kwa nini nimpe dume nyasi zimjaze tumbo wakati nafasi hiyo ingekaa mahindi? Nimempa mahindi matupu, punje nzima, hori limejaa hadi ukingoni. Meneja ameyashambulia. Nimekaa mkao wa kula, kana kwamba funguo ziko mfukoni.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siwezi kusubiri hadi tarehe 29 kujua kinachoendelea ndani ya Meneja. Nimepata njia. Kinachoingia mbele lazima kitoe ripoti nyuma. Nimechota samadi yake, nikaiweka kwenye chekeche, nikaiosha bombani hadi maji yakawa safi.

Nilibaki mdomo wazi. Mahindi! Punje nzima, zimeng'aa, za kupanda. Yameingia mazima, yametoka mazima. Dume wangu amegeuka bomba.

Nikaosha na samadi ya Namba 14, kwa haki. Laini tupu. Hakuna unyasi mrefu kuliko ukucha wangu. Kila kitu kimebaki ndani ya mnyama. Inaniuma kuandika hivyo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Chekeche ni la mke wangu la unga. Nilidhani nimelirudisha safi. Dada mkubwa alikuwepo wakati linachunguzwa juani, na kwa mdomo wa dada mkubwa habari imefika kwa wafanyakazi wote kabla ya saa nne. Sasa naitwa Profesa wa Samadi. Hata mlinzi wa getini ameniamkia kwa cheo hicho, na amesimama wima kabisa.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu nikamtafutie chekeche jingine, na hili nizikwe nalo. Nimepiga msumari, nimelitundika zizini. Kitendea kazi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Suluhisho limekuja nikiwa napiga mswaki. Kama punje nzima zinapita, basi zisagwe! Ziwe unga! Zisiwe na pa kukimbilia! Nilikimbia na mswaki mdomoni hadi mashineni. Fundi wa mashine akashauri nisage nusunusu, mahindi yaparazwe tu, maana unga mwororo hauwafai ng'ombe. Nikamwambia asage hadi upepo uubebe.

Meneja amelamba hori zima. Pua nyeupe, macho yamelegea kwa raha. Kimya alipita na debe lake la nyasi, akasimama, akautazama unga kwa muda, akaniambia, "Nyasi je?" Maneno mawili. Ndiyo mgao wangu wa wiki. Nikamjibu kwamba wengine tunalisha kwa kichwa. Akaenda zake.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Balaa! Asubuhi Meneja hakusimama. Hali kitu. Hacheui. Tumbo limevimba upande wa kushoto na anajipiga teke mwenyewe. Samadi yake ni uji wa kijivu wenye mapovu, harufu ya siki. Chekeche halikuhitajika.

Mama mkwe amemwita daktari wa mifugo, mama mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya mwalimu wa zamu. Kamnywesha Meneja dawa ya kuua asidi, chupa tatu kooni, kisha akanigeukia mimi. Aliuliza amekula nini. Nikasema chakula bora. Akaingiza kidole kwenye hori, akakitoa cheupe, akakionyesha watu wote.

"Wewe humlishi huyu dume," aliniambia. "Unalisha vijidudu vilivyomo tumboni mwake, na hivyo ndivyo vinavyomlisha yeye. Kila kijidudu kina chakula chake. Ukibadilisha ghafla, vya jana vinakufa na vya leo bado havijatosha."

Akaeleza kwamba unga ulichacha wote kwa mpigo, tumbo likawa chungu, ukuta wa tumbo ukaungua, na tumbo lililoungua halifyonzi chakula hata kiwe kizuri vipi. Bila nyasi dume hacheui, asipocheua hana mate, na mate ndiyo yanayopoza ile asidi. Amri yake: nyasi kavu kwanza. Nafaka ziongezwe kidogokidogo kwa wiki mbili, tatu. Na chakula kisibadilishwebadilishwe.

Mama mkwe alisikiliza yote. Hakunitazama. Ningependa zaidi angenitukana.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nyasi. Meneja kala nyasi asubuhi. Kala nyasi mchana. Kala nyasi jioni. Nimemtazama akila. Nimehesabu mabati ya zizi, ni arobaini na moja. Miguu inaniwasha. Kazi gani hii ambayo ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea?

Ng'ambo ya uzio Kimya anamlisha Namba 14 saa ileile, debe lilelile, mkono uleule. Nilimwambia mke wangu mimi ningeshakufa kwa kula vitu vilevile kila siku. Akasema mimi si ng'ombe. Akafikiri kidogo, akasema ng'ombe hawabishi na daktari.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimelielewa sasa somo la daktari, tena kuliko alivyolieleza mwenyewe! Ushindi wa Kimya hauko kwenye nyasi. Uko kwenye vijidudu. Namba 14 ana vijidudu vya kazi, vyangu vimekufa kwa siki. Dawa ni kuviazima.

Saa saba mchana, Kimya akiwa kwenye chakula, niliruka uzio. Nikakomba mabaki yote ya hori la Namba 14, yale yenye mate. Ndoo nzima! Nikamwagia Meneja. Kala, kalala, na mbele ya macho yangu taya likaanza kwenda kushoto na kulia. Anacheua! Nimecheza peke yangu zizini. Mlinzi ameniona. Apende asipende.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Siku ya nne ya kuazima. Meneja ana macho mapya. Nimeosha samadi: laini, nyororo, karibu sawa na ya Namba 14. Nilimwonyesha daktari alipopita. Kakiri kwamba kuosha samadi ndiyo akili pekee aliyoiona kwangu, na akaniomba nisiongeze nyingine. Niendelee hivihivi tu, nafaka kiganja kwa kiganja.

Nimekubali kwa mdomo. Lakini zimebaki siku kumi na tatu! Kiganja kwa kiganja nitafika lini? Roho haitulii. Nimekaa nikasimama mara tisa nikiandika ukurasa huu.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Nimebuni ratiba. Kila siku chakula kipya, ili vijidudu visichoke. Jumatatu mashudu ndoo mbili. Jana mabua yaliyolowekwa kwenye molasi. Leo pumba tupu. Kesho bado sijaamua, na hiyo ndiyo raha yake.

Matokeo: Jumatatu samadi ngumu, jana maji, leo ya aina ambayo sijaipatia neno. Mbavu zimeanza kuonekana. Ni kawaida, mwili unajipanga.

Lakini kuna jambo baya zaidi. Asubuhi nimekuta nyasi kavu horini mwa Meneja. Sikuziweka mimi! Na leo si mara ya kwanza, nikikumbuka vizuri. Mtu anamjaza dume wangu nyasi ili asipate nafasi ya chakula changu. Sihitaji kuambiwa ni nani. Wanaokaa kimya ndio hao.

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Nimezitoa nyasi zote nje. Mchana nikajificha nyuma ya tangi la maji nimkamate mtu wangu. Sikumwona mtu. Nililala. Mke wangu ndiye aliyeniamsha, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika tangi. Aliuliza ninafanya nini. Nikasema napima kina cha maji.

Alikuwa na unyasi kwenye kilemba. Nikamtolea. Akasema anajaza godoro la mtoto. Wanawake wanafikiria mbali. Mimi napigana vita, yeye anashona.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Nyasi tena! Nimeshindwa kuvumilia. Niliwasha moto mbele ya watu wote, wakati wa chai. Nikamwambia mama mkwe kwamba mwanyumba wangu anaingia zizini kwangu kwa siri na kumpa Meneja nyasi.

Dada mkubwa akataka kusema, mumewe akamgusa mkono. Mke wangu alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Kimya alinikazia macho, kisha akamtazama mke wangu, kisha akaendelea kunywa chai. Ushahidi tosha!

Mama mkwe aliniuliza polepole, "Mkwe wangu, kwani nyasi ni sumu?"

Nikasema suala ni kanuni. Akasema haya, akaomba sukari.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Mafuta! Kwa nini sikufikiria mafuta? Hakuna chakula chenye nguvu kama mafuta. Muuza chipsi wa barabarani ana dumu la mafuta yaliyokwisha kazi. Kanipa bure na kunishukuru. Nimeloweka kila kitu: pumba, mabua, hata zile nyasi za adui nimeziloweka, vita ni kutumia silaha za mwenzako.

Meneja anang'aa pua hadi masikio. Ananukia chipsi. Wafanyakazi wanapita wakimeza mate.

Jumatano, tarehe 26 Juni

Nimeosha samadi. Nyasi zimetoka ndefu, zimeteleza, nzima, nilivyoziweka ndivyo nilivyozipokea. Nimemwita daktari mwenyewe, kwa siri. Alinusa hori, akakaa juu ya ndoo, akashika tama.

Kumbe mafuta yanafunika nyasi, na vijidudu haviwezi kuzishika. Vinateleza! Chakula kipo, tumbo lipo, lakini mwilini hakiingii kitu. Aliniuliza kama niliwahi kumlisha chakula kimoja kwa siku tatu mfululizo. Nikafikiri kwa uaminifu. Nyasi, nikasema, wakati ule anaumwa. Akasema ndizo siku alizonenepa.

Halafu akasema jambo lililonikera. Kwa niliyomfanyia, dume huyu alipaswa kuwa ameshakufa. Kuna kitu kinamshikilia. Nikamwambia ni utunzaji.

Alhamisi, tarehe 27 Juni

Mashine imeharibika mkanda, leo wameitengeneza kuanzia asubuhi hadi asri. Inagonga kuliko zamani. Mke wangu alijilaza mchana, akaamka, akajilaza, akaamka. Miguu imemvimba. Mwishowe aliketi kitandani na mapazia ya nyumba ya getini mapajani. Ameyamaliza yote manne. Kumbe alianza siku ileile niliyomwambia.

Nilitoka nje. Nilisimama ukutani upande wa pili, pale mashine ilipo, nikaweka kiganja, nikasikia ukuta unavyotetemeka. Naogopa. Naandika hili kwa kuwa hakuna anayesoma. Nisipopata zile funguo, mtoto wangu atatetemeka hivi.

Siku mbili zimebaki. Lazima pawe na njia.

Ijumaa, tarehe 28 Juni

Ipo! Mizani haijui nyama wala maji! Mizani inajua uzito tu. Lita moja ni kilo moja. Nimempa Meneja chumvi, mabakuli mawili ndani ya pumba. Kesho asubuhi nitamfungulia bomba. Atakunywa mto.

Nimejipongeza kwa kulala mapema.

Jumamosi, tarehe 29 Juni

Nitaandika yote, hata kama mkono unakataa.

Meneja alikunywa hadi ndoo zikanionea huruma. Alikuja mizanini akiyumba, tumbo likichezacheza. Watu wote walikuwepo, hata daktari na muuza chipsi. Namba 14 akapanda kwanza: 325. Kimya hakupepesa jicho. Meneja akapanda: 309! Nilikuwa naanza kutafuta maneno ya kushindwa kwa heshima, kwamba kilo kumi na tisa si haba, pengine chumba kimoja kati ya viwili.

Mama mkwe akasema tusubiri. Akaagiza kiti. Akasema yeye amenunua ng'ombe tangu mimi sijazaliwa, na ng'ombe aliyekuja mizanini akicheza tumbo humwachia muda. Madume wote wawili wafungwe zizi tupu, bila chakula, bila maji, hadi saa kumi jioni. Kisha akakunjua kitambaa chake na kuanza kufuma.

Saa nane nzima za kungoja! Nilisimama pale nikimsikiliza Meneja akinisaliti. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tano walishangilia. Mlinzi alikuwa akihesabu kwa sauti.

Saa kumi. Namba 14: 321. Meneja: 291.

Nikasema kwa sauti kavu kwamba, vyovyote iwavyo, ameongezeka kilo moja. Kilo moja ni kilo moja. Ndipo Kimya akafungua mdomo.

"Toa kamba," alisema.

Wakamvua Meneja kamba ya shingoni, ile nene niliyomnunulia ili apendeze. 290. Siku ishirini na sita! Mahindi, unga, mashudu, molasi, mabua, mafuta, chumvi, na akili zangu zote! 290!

Watu walicheka hadi muuza chipsi akakaa chini. Mama mkwe peke yake hakucheka. Aliniambia nisogee.

"Hiyo 290 nayo si yako," alisema. "Ni ya huyu."

Alimwelekeza mke wangu. Daktari akaongezea kwamba alishangaa sana hadi alipomkuta mwenyewe, saa kumi na moja na nusu asubuhi, akiwa na tumbo mbele na robota la nyasi kichwani. Kila alfajiri. Kabla mashine haijawashwa, mimi nikikoroma. Nyasi zangu za adui.

Nilitazama chini. Nilifikiria nilivyozitupa nje, na yeye akazileta tena. Nikakumbuka ule unyasi kwenye kilemba, niliouchomoa kwa mkono wangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokushika miguuni ukashindwa hata kuondoka. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia siku ya kwanza kabisa, nami sikusikia, basi akaona ni rahisi kubeba nyasi kuliko kubeba ubishi.

Mama mkwe alimpa Kimya funguo. Kimya akazipimapima mkononi. Akatembea hadi kwa mke wangu, akamwekea kiganjani, na akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia tangu harusi yake.

"Shikilia wewe, shemeji. Mimi na dada yako tuna pa kulala. Na funguo zikiwa kwangu, huyu atanibembeleza kila siku. Kwako hathubutu."

Mke wangu alilia. Mimi pia, lakini nilikuwa nimesimama upande wa jua, nikasingizia jua.

Jumapili, tarehe 30 Juni

Tumehama. Mapazia yameenea madirisha yote. Mke wangu amelala mchana kutwa, mdomo wazi, hakuna kikombe kilichotembea.

Nilikwenda kumwomba msamaha mwanyumba wangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tatu. Nilipomaliza ya kwanza alinipa debe. Nikamsaidia kubeba nyasi. Nadhani tumepatana.

Mke wangu amenitaka ahadi, mkono wangu juu ya tumbo lake, mtoto akiwa shahidi: kwamba sitagusa tena chakula cha Meneja. Nimeahidi kwa moyo wote. Mtoto alipiga teke.

Alhamisi, tarehe 4 Julai

Siku ya tano ya utulivu. Kazi yangu ni kukata nyasi na kuzibeba hadi mlangoni mwa ghala. Msimamizi wangu, yaani mke wangu, anazipokea akiwa ameketi barazani, funguo shingoni. Anampimia Meneja nyasi, pumba, kiganja cha mashudu. Saa ileile. Debe lilelile. Meneja anacheua tangu asubuhi. Daktari kasema mbavu zimeanza kupotea.

Nimejifunza. Nataka hilo liandikwe. Tumbo la ng'ombe linataka utaratibu, subira, na mtu asiye na haraka. Ahadi ni ahadi. Simgusi Meneja hata kwa ukope.

Nimehesabu mabati ya baraza. Kumi na sita.

Mchana huu, nikipita na mzigo wa nyasi, nimesimama kidogo kwenye uzio wa Namba 14. Alinitazama. Nikamtazama. Mwezi mzima mnyama yule amekula kitu kilekile, saa ileile, mkono uleule, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwuliza. Macho yake yamekaa kichovu. Kilo thelathini, sawa, lakini kwa vijidudu vya kazi namna ile, akipewa kitu kipya angefika wapi?

Ahadi ilimtaja Meneja peke yake. Nimeirudia kichwani neno kwa neno, mtoto ni shahidi.

Kimya anakwenda kula saa saba. Dumu la molasi ni la tatu kutoka mlangoni, na msimamizi wangu saa hizo amelala. Kikombe kimoja tu. Nimeshakwenda kulichukua chekeche msumarini.